Kabla ya Jiwe la Kwanza: Shule ya Mabinti na Sisi wa Chaani



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wapendwa, wiki hii tumekusudia kulizungumza jambo ambalo katika mitaa ya Chaani halikosi kutajwa kila mwaka unapoelekea ukingoni: binti akishamaliza gredi ya tisa, aende wapi?

Swali hili lina uzito wake. Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala mpya lilipoingia gredi ya kumi, kila familia yatakiwa kuchagua mkondo wa masomo na shule ya sekondari ya juu ambamo mtoto atakaa miaka mitatu. Kwa mwana wa kiume mazungumzo huwa mafupi: nafasi ipatikane, karo itafutwe, aende. Kwa binti mazungumzo hurefuka. Shule ya bweni iko mbali, na baba hajui nani atamwangalia mwanawe pamoja na swala zake. Shule ya kutwa iliyo ng'ambo ya Makupa yamtaka atoke nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri, apenye baina ya matrela ya makontena yaendayo Kipevu, apande matatu mbili, kisha arejee Maghrib imeshaadhiniwa. Shule ya karibu ni ya mchanganyiko, na madarasa yamejaa. Mazungumzo yakirefuka mno, hutokea mtu mwenye sauti nzito pale nyumbani akasema, "Basi apumzike kwanza mwaka huu." Nasi sote twajua kwamba mapumziko ya namna hiyo ni nadra kuwa na mwisho.

Ndipo husikika kauli ya majuto: lau tungekuwa na shule yetu ya mabinti hapa hapa mtaani! Kauli hiyo tumeisikia barazani, tumeisikia baada ya darsa za akina mama, tumeisikia harusini na matangani, hadi tukaona ni wajibu wetu kuiuliza maswali. Shule za mabinti wa Kiislamu katika pwani hii zilizaliwaje? Ni nani waliozipinga, na kwa hoja gani? Ni kitu gani kilichozikuza zisife? Na sisi wa Chaani, tukitaka ya kwetu, tuanzie wapi?

KALAMU YA MWANAMKE SI NGENI KWETU

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba kumsomesha binti ni jambo lililokuja na wakoloni, na kwamba mwanamke wa kale wa pwani alikuwa hajui kalamu. Dhana hii haina msingi katika dini wala katika historia.

Katika dini, twajua sote kwamba neno la kwanza kumshukia Mtume wetu lilikuwa amri ya kusoma, wala amri hiyo haikuwatenga wanawake. Imesihi katika hadithi kwamba wanawake wa Madina walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaume wamewashinda kumkaribia, wakamwomba awatengee siku yao, naye akawatengea, akawa akiwasomesha. Na Bibi Hafsa, mama wa Waumini, alifundishwa kuandika na mwanamke mwenziwe, Shifaa binti Abdillah. Basi mwalimu wa kike mbele ya mwanafunzi wa kike ni sunna kongwe, kongwe kuliko msikiti wowote wa pwani hii.

Na katika historia yetu wenyewe, mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha ambao hadi leo wasomwa vyuo vikuu. Mama yule alikuwa mgonjwa, akataka kumwachia mwanawe kitu kitakachobaki. Hakumwachia shamba wala dhahabu peke yake, alimwachia maandishi. Na mtu hamwachii mwanawe maandishi ila ajua kwamba ataweza kuyasoma.

Hapa Mombasa nako, mabinti walikuwa na vyuo vyao vya Qur'ani tangu zama. Chuo cha binti mara nyingi kilikuwa nyumbani kwa mwalimu wa kike, mikekani, na wengi walihitimu msahafu wote. Kilichokosekana ni shule: mahali ambapo, juu ya Qur'ani, binti angepata hesabu, lugha, afya na maarifa ya kumwezesha kuishi katika dunia iliyokuwa ikibadilika mbele ya macho yake.

SHEIKH NA BARUA ZA MAPENZI

Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya wavulana wa Kiarabu mjini Mombasa mwaka 1912. Mabinti walingoja. Unguja walitutangulia: shule ya kwanza ya serikali kwa ajili ya mabinti ilifunguliwa huko mwaka 1927. Mombasa ilingoja hadi mwaka 1938 ndipo Shule ya Mabinti wa Kiarabu ilipofungua milango yake. Yaani baina ya shule ya kaka na shule ya dada ilipita miaka 26. Mtoto wa kike aliyezaliwa siku ile kaka zake walipoanza masomo, alikuwa ameshakuwa mama wa watoto wa kwenda shule ilipofika zamu yake.

Katika miaka ile ya kungoja, sauti iliyosikika zaidi kwa ajili ya mabinti ilikuwa ya mwanachuoni mkubwa wa mji, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), ambaye baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianzisha karatasi yake aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo aliwakemea Waislamu wa pwani kwa kubaki nyuma, akakemea ubadhirifu wa sherehe, na akahimiza elimu ya dini na ya dunia, kwa wavulana na kwa wasichana. Hakuwa mtu wa kuiga wazungu. Kinyume chake, aliwaonya watu juu ya kuiga mambo ya kigeni ovyo ovyo. Hoja yake ilikuwa kwamba Waislamu wasipowasomesha watoto wao wenyewe, kwa misingi yao wenyewe, watasomeshwa na wengine kwa misingi mingine, au hawatasomeshwa kabisa. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1933, Sheikh Muhammad Abdalla Ghazali alianzisha mjini shule ya Kiislamu iliyobeba jina lake, na juhudi hizo mbili zikapeana nguvu.

Waliopinga hawakuwa watu waovu. Walikuwa baba na mama wenye hofu. Hofu iliyotajwa zaidi, Mombasa na Unguja vilevile, ilikuwa kwamba binti akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Leo twaweza kutabasamu, lakini tusitabasamu sana. Badilisha barua iwe simu, nawe utaisikia hoja ile ile ikizungumzwa Chaani jioni hii. Na jibu ni lile lile: anayetaka kupotea hakosi njia kwa kukosa kalamu, na anayefundishwa vyema hupata akili ya kuitambua barua ya mwongo ikimfikia.

Hofu ile haikuondoka kwa kukemewa. Huko Unguja wazazi walipoona kwamba Qur'ani imo katika masomo, kwamba walimu ni wanawake wanaojulikana nasaba zao, na kwamba binti harudi nyumbani akiwa amesahau adabu, walianza kulegeza mikono. Kisha likaja jambo kubwa kuliko yote: wanafunzi wa kwanza wakawa walimu. Mama aliyemkabidhi mwanawe kwa mwalimu mgeni kwa moyo mzito, alimkabidhi mjukuu wake kwa binti wa jirani kwa moyo mweupe. Hapo ndipo shule ilipokuwa ya watu.

KASORO TUSIYOFAA KUIRUDIA

Hata hivyo, tutakuwa hatuitendei haki historia tukitaja mazuri peke yake. Lile jina, Shule ya Mabinti wa Kiarabu, lilikuwa na maana yake. Serikali ya wakati ule iligawa shule kwa rangi na asili: Wazungu shule zao, Wahindi zao, Waarabu zao, Waafrika zao, na kila fungu lilipata kadiri ilivyokusudiwa lipate. Waswahili wa Thenashara Taifa, ambao Wachangamwe wa pande zetu hizi ni miongoni mwao, walitaabika miaka mingi wakibishania wamo katika fungu gani. Binti wa Kidigo wa Likoni, au binti wa kibarua wa gati aliyekaa Changamwe, alikuwa Mwislamu kama mwenziwe wa Mji wa Kale, lakini mlango ule haukuwekwa kwa ajili yake.

Na wanaume nao waliendelea kutangulizwa. Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Mabohora na serikali, kilijengwa kwa ajili ya vijana wa kiume wajifunze ufundi. Chuo hicho kilikua, kikawa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambamo mabinti wetu wanasoma uhandisi pamoja na wenzao. Alhamdulillah. Lakini ilipita muda mrefu kabla ya mlango huo kufunguka, na katika muda huo ni akina mama wenyewe, kupitia vyama vyao vya wanawake wa Kiislamu vilivyoundwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1950, walioendelea kusukuma suala la elimu ya mabinti wasikubali lisahauliwe.

Tunayataja haya kwa sababu shule yoyote itakayosimama Chaani itakuwa katika mtaa usio na kabila moja. Chaani ni watu wa bandari, wa reli, wa iliyokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, waliotoka Kwale, Kilifi, Lamu, Ukambani, Nyanza na kwingineko. Shule ikianzishwa huku ikinong'onezwa kwamba ni ya jamaa fulani au ya msikiti fulani, imeshakufa kabla ya kuzaliwa.

ALICHOKIANZISHA BI SWAFIYA

Wapo watakaosema: hayo ni ya zamani, tena ya serikali, sisi tutawezaje? Basi tuutazame mfano ulio karibu zaidi.

Mapema miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwomba Aga Khan awasaidie katika elimu ya watoto, kwa kuwa watoto wa Kiislamu walikuwa wakibaki nyuma tangu darasa la kwanza. Kazi hiyo ilipata mwalimu wa hapa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said. Wazo lake halikuwa kubwa kwa macho. Madrasa zilikuwepo kila mtaa, na asubuhi nyingi zilikuwa tupu. Kwa nini chumba kile kile kisiwe shule ya chekechea, ambamo mtoto atajifunza dini yake pamoja na yale yatakayomwandaa kuingia darasa la kwanza?

Utaratibu ndio uliokuwa na hekima. Jamii iliyotaka shule ilitia saini mapatano, ikaunda kamati, ikatoa chumba na kukitengeneza. Walimu walikuwa wanawake vijana wa mtaa huo huo, wengi wao wasio na ajira, waliofunzwa kazi kwa muda mrefu hadi wakaimudu. Vifaa vya kuchezea na kuhesabia vilitengenezwa kwa vifuu, kombe za pwani, mbegu na vipande vya mbao. Baada ya miaka ya kusaidiwa na kukaguliwa, shule ilihitimu, ikajitegemea, na baadhi ziliwekewa akiba ambayo faida yake ilisaidia gharama. Mpango huo ulienea Zanzibar na Uganda, na shule zilizozaliwa humo zilipita 200.

Zilikuwa shule za watoto wadogo, wavulana kwa wasichana, wala hazikuwa sekondari. Lakini tazameni lililofanyika kwa wanawake. Binti aliyekuwa amekaa nyumbani na cheti chake sandukuni aliamka akawa mwalimu anayeamkiwa barabarani. Mama ambaye hakusoma alikaa katika kamati, akauliza pesa zimetumikaje, akajibiwa. Nalo halikuanza kwa jengo. Lilianza kwa chumba kilichokuwepo, mwalimu aliyefunzwa na kamati iliyoaminika.

MAMBO YA KUTANGULIZA

Kwa kuzingatia hayo, tunawawekea wasomaji wetu mambo sita, tukiamini kwamba kila moja lina uwezo wa kuiangusha shule likipuuzwa.

La kwanza ni ardhi. Wenyeji wa Mombasa twaijua hali yetu: mtu humiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake. Sehemu ya Chaani ilipimwa na kuboreshwa katika mradi wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini si kila kiwanja kina hati iliyo safi. Mzee mwenye moyo mwema akisema mbele ya jamaa msikitini kwamba kiwanja chake ni cha shule, Allah amlipe. Lakini neno hilo huishi kadiri anavyoishi mwenyewe. Akifa, warithi huja na haki yao. Tena wasia hauvuki theluthi ya mali. Basi wakfu uandikwe, ushuhudiwe, upelekwe Kamisheni ya Wakfu usajiliwe, na warithi waarifiwe mwenyewe yungali hai. Bodi ya Elimu ya Kaunti nayo haisajili shule kwa maneno ya baraza. Hutaka kuona haki ya kukitumia kiwanja.

La pili ni mwalimu. Darasa laweza kujengwa kwa miezi michache. Mwalimu hujengwa kwa miaka. Sheria yataka kila mwalimu awe amesajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Iwapo twataka shule ya mabinti miaka mitano ijayo, basi wakati wa kuwapeleka mabinti wetu wawili watatu kusomea ualimu wa hesabu na sayansi ni mwaka huu. Hilo ndilo jiwe la kwanza, nalo halihitaji saruji.

La tatu ni hesabu ya kila mwezi. Harambee hujenga ukuta. Hailipi mshahara wa Agosti na Desemba, wakati wanafunzi wako likizo na mwalimu ana watoto wa kulisha. Shule nyingi ndogo hufa kwa ukosefu huo. Inapasa iwepo akiba au wakfu wenye kuleta pato: vyumba vya kupangisha, duka, au kitu kama hicho. Suala la zaka nalo liulizwe kwa masheikh wetu, kwani kumlipia karo mtoto wa maskini ni jambo moja, na kununua mabati ni jambo jingine. Fatwa haziko sawa. Na mapato yasomwe hadharani, shilingi kwa shilingi. Mama anayekanda mahamri saa tisa za usiku akatoa shilingi hamsini katika faida yake ana haki ya kuijua njia iliyopita hamsini yake.

La nne ni yale yasiyosemwa mbele ya wanaume. Maji, vyoo vyenye milango inayofungika, mahali pa kutawadha, na sodo. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, kwa kuwa ilibainika kwamba siku chache za kila mwezi hujumlika zikawa wiki nyingi za masomo yaliyopotea. Binti hataki kulieleza jambo hili kwa baba wala kwa mwenyekiti wa kamati. Kwa hiyo kamati isiyokuwa na wanawake haitalijua, na isipolijua haitalitengea bajeti.

La tano ni njia. Shule ikiwa ndani ya Chaani lakini binti anaifikia kwa kuvuka barabara ya matrela bila kivuko wala mtu wa kumvusha, bado iko mbali. Kabla ya kuchagua kiwanja, wajumbe waitembee njia yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, na waitembee tena Maghrib.

La sita ni kiwango. Stara peke yake haitoshi kuwa sababu ya kuwepo shule. Tukiwakusanya mabinti mahali palipostirika, tukawafundisha hesabu hafifu bila maabara, tutakuwa tumewanyima kwa jina la kuwahifadhi. Mtaala wa sasa una mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Tusidhani kwamba mmoja tu ndio wa wasichana. Hospitali ambamo mama zetu wanatafuta daktari wa kike wakamkosa zatuambia nini hasa tulichokipanda miaka 20 iliyopita.

NA BINTI WA MWAKA HUU?

Hapa ndipo tulipotaka kufika, wasomaji wetu. Yote tuliyoyataja huchukua miaka. Binti aliyemaliza gredi ya tisa hana miaka. Ana wiki chache tu. Tungekuwa tumemdhulumu lau tungeandika kurasa hizi juu ya shule itakayokuja, kisha yeye akaambiwa angoje.

Twafahamu kwamba zipo shule ambazo suala la hijabu huleta mvutano. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo kwa sababu ya namna ombi lilivyowasilishwa, ikaacha mlango wazi wa kufungua shauri upya kwa utaratibu. Kwa hiyo mzazi aulize mapema, kabla ya kukubali nafasi: sare ya shule ni ipi, swala ya adhuhuri huswaliwa wapi, Ramadhani huwaje. Kuuliza ni haki yake, na wakuu wengi wa shule hapa pwani husikiliza wakizungumzwa kwa heshima. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dini kama inavyolinda haki ya mtoto ya elimu.

Lakini kukosa shule inayotupendeza kwa kila kitu si udhuru wa kumkalisha binti nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemwekea mzazi wajibu wa kumpeleka mtoto shule, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Hata hivyo hatutaki kuwatisha wazazi kwa sheria. Mzazi wa Chaani ana uoga wa kutosha. Twataka kumkumbusha bishara ya Mtume wetu (s.a.w.) kwa anayewalea mabinti wake vyema: kwamba watakuwa kinga yake na moto. Malezi hayo hayakomi gredi ya tisa.

Basi yapo yanayowezekana wiki hii, bila kiwanja wala hati. Mabinti wa mtaa mmoja wanaokwenda shule moja waweza kutoka pamoja na kurudi pamoja, na wazazi wakachanga wamlipe dereva mmoja mwaminifu wa matatu au tuk-tuk badala ya kila mmoja kubahatisha lake. Madrasa inayokaa tupu usiku yaweza kuwekewa taa, meza na mwalimu wa kujitolea, iwe mahali pa kudurusu kwa mabinti ambao nyumbani kwao chumba ni kimoja na mtoto mchanga analia. Waliosoma miongoni mwetu, wauguzi, walimu, makarani wa bandari, waweza kutoa saa mbili za Jumamosi. Vyama vya akina mama vinavyochanga kwa ajili ya vyombo na sare za harusi vyaweza kuweka fungu moja katika mwaka likawa la karo ya yatima mmoja. Na fomu za basari za eneo bunge na za kaunti zijazwe mapema, na asiyejua kuzijaza asaidiwe pasipo kuaibishwa.

Haya yakifanyika, tutakuwa tumeshaianzisha ile shule bila ya kuiita jina. Watu watakuwa wamezoea kuchanga na kuulizana hesabu. Mabinti watakaokwenda vyuo vya ualimu watakuwa wametoka katika meza zile zile za usiku. Na siku mwenye kiwanja atakapojitokeza na wakfu wake, atawakuta watu tayari wamekusanyika, wanajuana na wanaaminiana. Nyumba ya mawe ni rahisi kuipata kuliko watu wa namna hiyo.

Sheikh Al-Amin aliandika Al-Islah mwaka 1932. Shule ya mabinti ikafunguliwa 1938. Ni miaka sita baina ya wino na mlango. Gredi ya tatu ya leo itakuwa gredi ya tisa baada ya miaka sita. Mtoto huyo wa kike yuko madrasa jioni hii, anaandika alifu yake ubaoni. Kabla hajafika, inshaallah, tuwe tumepata jibu la kumpa.

Twamwomba Allah awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, awape wazazi wao subira na riziki ya halali, awarehemu waliotutangulia katika kazi hii, na atujaalie sisi tuwe watu wa vitendo kuliko maneno. Aamin.

Wabillahi tawfiq.